Kopo Alilopewa Pepito

Shikamooni wazee wangu mliofika. Mafundi wenzangu, na wanangu mnaosomea filamu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya kuokoa na kukarabati picha za mwanzo za televisheni, na najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mashine. Mashine zitakuja. Naomba nianze na mchekeshaji wa sarakasi.

Alikuwa Mhispania, na jukwaani alijulikana kwa jina la Pepito. Mwaka 1950 Lucille Ball, mwigizaji wa Hollywood, alitaka kufanya kipindi cha televisheni pamoja na mumewe Desi Arnaz, mwanamuziki aliyezaliwa Cuba. Wakubwa wa CBS, mtandao wa televisheni wa Marekani, walisita. Walidhani watazamaji hawatakubali kumwona mwanamke wa Kimarekani ameolewa na Mkyuba mwenye lafudhi nzito, ilhali wawili hao walikuwa mke na mume tangu 1940. Basi wakaamua kwenda kwa watu wenyewe. Walitunga maonyesho ya jukwaani, wakayatembeza mji hadi mji, na Pepito ndiye aliyewanoa katika vichekesho vyao, kikiwemo kile cha Lucille akihangaika na selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa. Watu walicheka hadi machozi. Tarehe 2 Machi 1951 wakaingia studio za CBS pale Hollywood, wakarekodi kipindi cha majaribio cha I Love Lucy. Pepito naye yumo. Lucille alikuwa na mimba ya miezi minne na ushei, akavaa nguo pana zimsitiri.

Kazi ilipokwisha, Desi alimpa Pepito nakala ya filamu ile kama shukrani. Shikeni hapo, nitaparudia.

Kipindi cha majaribio hakitengenezwi kwa ajili ya mtazamaji. Kinatengenezwa kwa ajili ya mwenye pesa: mkubwa wa kituo, mwenye kiwanda cha sabuni, mwenye kampuni ya sigara. Mpishi anayetafuta kazi ya harusi humpelekea mwenye shughuli pilau kidogo aonje. Akionja akaridhika, kazi inaanza, masufuria yanapangwa, na yule aliyeonja anakisahau kile kijiko. Akikataa, kijiko kinasahauliwa upesi zaidi. Kwa vyovyote vile hakuna mwenye wajibu wa kukitunza. Ndiyo maana vipindi vya majaribio vya miaka ya 1940, 1950 na 1960 vimepotea kwa wingi, na ndiyo maana nakala zake, zinapopatikana, mara nyingi ni moja tu duniani.

Kampuni ya sigara ya Philip Morris ilionja, ikakubali. Kipindi kikaanza kurushwa tarehe 15 Oktoba 1951, kikawa ndicho kinachotazamwa kuliko vyote Marekani, na ile filamu ya majaribio ikatoweka katika macho ya watu. Miaka ikapita, watafiti wakaitafuta, wakahesabu kwamba imepotea. Desi akafariki Desemba 1986. Lucille akafariki Aprili 1989. Halafu ikajitokeza kwa mjane wa Pepito. Zawadi ilikuwa nyumbani kwao muda wote huo. CBS ikairusha tarehe 30 Aprili 1990, mwaka mmoja na siku chache baada ya kifo cha Lucille, na aliyeitambulisha kwa watazamaji alikuwa Lucie, binti yao, mtoto yule aliyekuwa tumboni siku ya kurekodi.

Nimekuwa nikiifikiria habari hii kwa miaka mingi. Kituo kilikuwa na ghala. Kampuni ya sigara ilikuwa na makabati na makarani. Filamu ikaokolewa na mchekeshaji aliyepewa zawadi, na mke ambaye hakuitupa. Sisemi hivi kuwadharau watunza kumbukumbu, maana na mimi ni mmoja wao. Nasema kwa sababu kila nikikaa kuorodhesha vilivyopatikana, nakuta mkono wa mtu mmoja aliyekipenda kitu kwa sababu zake mwenyewe.

Sasa mashine.

Televisheni ya siku hizo ilikuwa kama maneno ya mdomoni: ikishasemwa, imekwenda. Kamera ya studio haikuwa na filamu ndani. Ilitoa umeme tu, umeme ukapanda mnara, mnara ukaurusha majumbani. Ukitaka kubaki na chochote, ilibidi utege kamera ya filamu mbele ya kioo cha televisheni uipige ile picha inayopita pale. Hiyo ndiyo kineskopu. Mliowahi kurekodi mpira kwa simu kutoka kwenye runinga ya jirani mnajua matokeo yake: kingo zimefifia, weusi umekuwa wa kijivu, nyuso zimepoteza ukali. Isitoshe, televisheni ya Marekani ilitoa picha 30 kwa sekunde ilhali filamu inakimbia kwa picha 24, kwa hiyo kamera ilibidi iache vipande njiani, na pale panapoungwa mara nyingine panaonekana mstari mwembamba ukitembea kwenye picha.

Kipindi cha majaribio cha I Love Lucy ni kineskopu. Mtandao wa kurusha picha kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine ulifunguliwa Septemba 1951, miezi sita baadaye, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ya kuwaonyesha wadhamini wa New York. Na hapo kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Wadhamini walipokubali, walitaka kipindi kihamie New York kirushwe moja kwa moja, ili wateja wao wa mashariki wasiletewe kineskopu zenye ukungu. Lucille na Desi hawakutaka kuhama. Wakapendekeza kipigwe kwa filamu halisi ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja mbele ya watu waliokaa vitini, wakamchukua Karl Freund, mpiga picha mkongwe aliyejijenga katika sinema ya Ujerumani, awapangie taa. Gharama ilikuwa kubwa, wakakubali kupunguziwa malipo ili filamu zibaki mali yao. Ndiyo sababu mfululizo wenyewe hadi leo unang'aa kama umepigwa jana. Ukiutazama mfululizo kisha ukatazama ile ya majaribio, unaiona mipaka ya enzi mbili kwa macho yako: upande mmoja moshi, upande wa pili kioo.

Filamu zile na mapato yake ndiyo yaliyowawezesha kujenga kampuni yao, Desilu. Waliachana mwaka 1960, na mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za Desi, akawa mkuu wa kampuni. Mwishoni mwa 1964, katika studio za Desilu, likapigwa jaribio jingine: The Cage, jaribio la kwanza la Star Trek, mfululizo wa chombo kinachosafiri kati ya nyota. Mtunzi Gene Roddenberry, nahodha Jeffrey Hunter. Wakubwa wa mtandao wa NBC wakalitazama mapema 1965, wakaona linawataka watazamaji wafikiri mno, wakalikataa. Kisha wakafanya kitu kisicho cha kawaida: wakaomba jaribio la pili, na hilo wakalikubali.

Lile la kwanza likafanywaje? Likakatwa. Mwaka 1966 mfululizo ulipobanwa na muda, vipande vyake vikashonewa ndani ya hadithi mpya ya sehemu mbili. Na kilichokatwa, naomba wanafunzi mnisikilize, kilikuwa negativu yenyewe ya rangi, ile filamu mama inayotoa nakala zote, siyo nakala. Anayekata negativu ni sawa na anayechana hati ya kiwanja ili apate karatasi ya kuandikia barua. Kilichobaki kizima kilikuwa nakala ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, mikononi mwa Roddenberry mwenyewe, ambayo alikuwa akiwaonyesha mashabiki kwenye mikutano yao. Mwaka 1986 ilipotolewa kwenye kanda ya video, watu walitazama picha ikiruka kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe, ikarudi tena rangi, kama nguo yenye viraka. Mwaka uliofuata mtafiti wa filamu, Bob Furmanek, akiwa katika maabara moja ya kusafishia filamu pale Hollywood, akakuta rili ya yale mabaki ya negativu yaliyokatwa, akayarudisha kwa wenyewe. Mwaka 1988 The Cage ikarushwa yote kwa rangi, miaka zaidi ya 20 baada ya kukataliwa.

Ndani yake Spock, yule asiye na hisia, anatabasamu. Anagusa majani yanayoimba, anacheka waziwazi kama mtoto. Mwigizaji alikuwa bado hajampata mtu wake. Na msaidizi wa nahodha ni mwanamke, jambo ambalo halikuendelea kwenye mfululizo. Kwetu sisi kuna la ziada: Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, ambaye jina lake lilitolewa kwenye neno letu uhuru, hayumo katika jaribio la kwanza wala la pili. Aliingia mfululizo ulipoanza mwaka 1966. Bila majaribio yale tusingejua kwamba chombo kile kiliwahi kuruka mara mbili bila yeye.

Wakati huo adui mpya alikuwa ameshaingia, na aliingia kama rafiki. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ilionyesha mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyofaa kwa kazi ya vituo, yenye tepu ya upana wa inchi 2. Kila kituo kilifurahi. Hakuna kusafisha filamu tena, rekodi na urushe papo hapo. Lakini tepu moja ilikuwa ghali sana, na uzuri wake ndio uliokuwa ubaya wake: unaweza kuifuta ukarekodi tena. Wakafuta. Julia Child, mwalimu wa mapishi ya Kifaransa aliyependwa na Wamarekani, alirekodi majaribio matatu kwa kituo cha WGBH cha Boston mwaka 1962. Studio ilikuwa imeungua, wakaazima jengo la kampuni ya gesi, yeye akakaanga mayai mbele ya kamera. Majaribio yale yalirushwa, watu wakapenda, mfululizo ukaanza mwaka uliofuata. Tepu hazipo. Hapakuwa na Pepito.

Filamu nazo hazikusalimika. Mtandao wa DuMont, ulioshindana na wakubwa wa Marekani hadi ukafa katikati ya miaka ya 1950, uliacha kineskopu kwa maelfu. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mbele ya kikao cha Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 mzigo huo ulipakiwa kwenye malori matatu usiku, ukamwagwa baharini katika ghuba ya New York, kwa sababu waliokuwa wakiuziana kampuni hawakuelewana nani alipie ghala. Edie Adams alijua anachokisema, maana mumewe alikuwa Ernie Kovacs, na alipofiwa naye alitumia pesa zake mwenyewe kununua kanda za vipindi vya mumewe zisifutwe.

Nije Uingereza, halafu nije kwetu Afrika. Tarehe 27 Septemba 1963, katika studio za Lime Grove, London, BBC walirekodi sehemu ya kwanza ya Doctor Who, mfululizo wa mzee anayesafiri katika nyakati kwa chombo chake. Mtayarishaji Verity Lambert, mwongozaji Waris Hussein, kijana aliyezaliwa India. Mkubwa wao Sydney Newman akaitazama, akasema irudiwe. Mzee mwenye chombo alikuwa mkali kupita kiasi, mjukuu wake wa ajabu mno, na milango ya chombo ilikataa kufunga. Inasikika ikigongagonga huku waigizaji wanaendelea kusema. Wakarudia tarehe 18 Oktoba, na hiyo ya pili ndiyo iliyorushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa. Ile ya kwanza ilibaki bila kuonyeshwa hadi Agosti 1991. Ndani yake mjukuu anasema amezaliwa karne ya 49. Katika toleo lililorushwa, sentensi hiyo imeondolewa na kubadilishwa na maneno ya mbali zaidi, ya ulimwengu mwingine. Hapo unamwona mwandishi akifikiri. Kalamu bado inatembea.

BBC nao wakafuta tepu zao, na sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 zikapotea. Lakini kabla ya kufuta walikuwa wamezipiga kwenye filamu ya milimita 16 ili waziuze nje, na vituo vya Afrika vilikuwa wanunuzi. Nakala zilitembea kutoka kituo hadi kituo kwa ndege, kwenye masanduku, kila kituo kikimaliza kinampelekea mwenzake. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba katika stoo ya kituo kimoja cha televisheni mjini Jos, Nigeria, mtafiti Philip Morris (amefanana jina tu na ile kampuni ya sigara) amekuta sehemu 11 za hadithi mbili za miaka ya 1967 na 1968, 9 kati yake zikiwa hazikubaki mahali pengine popote. Makopo yalikaa kwenye vumbi la Jos zaidi ya miaka 30, yakawa salama kuliko yale ya London yaliyokuwa na kiyoyozi na meneja.

Wazee wangu mliofanya kazi kwenye vituo vyetu, nawageukia ninyi. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973 tena kwa rangi, wakati Bara tukisubiri hadi 1994. Picha za watu wengine zilipita mikononi mwenu, na za kwetu zilizaliwa mikononi mwenu. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi nikiwa kijana, nilipewa rundo la kanda nizifute kwa sumaku kabla ya Ijumaa. Nikazifuta. Juu ya baadhi ya makasha palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya risasi neno moja tu, "jaribio". Sikuuliza jaribio la nini. Nimebeba neno hilo tangu siku ile.

Kwa hiyo mkikuta kopo, msilifungue kwa bisibisi na haraka. Fungueni taratibu, mnuse. Likinuka siki, filamu ya asetati imeanza kuoza; asidi inayotoka humo inaikula filamu yenyewe na hewa yake inayaambukiza makopo ya jirani. Litengeni, liwekeni penye baridi na ukavu. Joto na unyevu wa pwani yetu huuharakisha ugonjwa huo sana. Filamu iliyosinyaa msiipitishe kwenye projekta, meno yatachana matundu yake. Inaskaniwa kwa mashine isiyotumia meno. Mikwaruzo ya mgongoni inatibiwa kwa kuipitisha filamu kwenye kimiminika wakati wa kuskani: mkwaruzo ni mfereji mdogo unaopinda mwanga, kimiminika kikiujaza, mwanga unanyooka na mstari haupo. Ila mkwaruzo uliokula picha yenyewe, huo hakuna dawa ya kuurudisha. Na kwa nakala za Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna programu inayozichukua picha 25 za filamu ikazirudishia ule mwendo laini wa 50 uliokuwepo studio, hata mtazamaji anahisi amekaa mbele ya televisheni ya 1963.

Hapo nakubali. Ninapokataa ni mbele kidogo. Siku hizi nikiwaonyesha vijana kineskopu, wananiuliza kwa nini nisiipitishe kwenye akili mnemba ing'ae. Nimeshajaribu. Inampa Lucille kope ambazo kineskopu haikuziona. Inachora kitambaa cha kiti ambacho hakuna aliye hai anayejua kilikuwa na maua gani. Hiyo ni picha mpya iliyovishwa jina la marehemu. Vumbi lililoingia maabara ni la kuondoa, kwa sababu siku ya kurekodi halikuwepo. Mlango unaogongagonga ulikuwepo, kwa hiyo unabaki. Mwigizaji akisahau neno, kusahau kwake ni sehemu ya hati. Jaribio lililosafishwa makosa si jaribio tena, na sisi tulilitafuta miaka yote hiyo kwa sababu ni jaribio.

Nimalizie na kilichonifika mwaka jana. Siku hizi riziki yangu kubwa ni kuhamisha kanda za VHS za harusi kwenda kwenye flashi. Mama mmoja aliniletea kanda ya harusi ya dada yake. Harusi ikaisha, keki ikakatwa, picha ikageuka chengachenga. Nilitaka kuzima, nikaacha ijiendeshe, ni mazoea. Baada ya dakika moja hivi ikatokea sebule: vijana sita, kochi la vitambaa vya kufuma, mchezo wa kuigiza. Msichana wa kazi anaingia na sinia, anafungua mdomo, anasahau maneno. Nje ya picha sauti ya mtu inamnong'oneza. Anacheka, anajizuia, anaanza upya. Zilikuwa zimebaki dakika 11. Mwanzo wote ulikuwa chini ya harusi.

Nilimpigia simu, nikamwambia, mama, kwenye kanda yako kuna mchezo. Akaja. Alitazama kimya mpaka yule msichana alipoingia na sinia, akajifunika uso kwa mtandio. Ni yeye. Walikuwa wamejichanga, wakakodi kamera, wakapeleka kanda kituo kimoja, wakaambiwa watapigiwa. Hawakupigiwa. Ilipofika harusi ya dada yake, kanda tupu ilikuwa hakuna, wakachukua ile.

Aliniomba nikate pale aliposahau maneno. Nikamwambia, mama yangu, nitafanya utakavyo, lakini niruhusu nibaki na nakala moja ambayo haijakatwa. Alifikiri, akaniomba nirudishe nyuma atazame tena. Safari hii alikuwa akiyasema yale maneno pamoja na yule mnong'onezaji, polepole, kabla yake. Akasema niache yote.

Kabla sijamrudishia kanda, nilichukua bisibisi nikavunja kile kijino cha plastiki cha nyuma ya kasha, asije mtu akarekodi tena juu yake.